Mzee Wakhungu wa Chumba cha Mabango

Waombolezaji, kabla udongo haujamfunika, familia inawaomba mtulie mumsikie huyu mzee alikuwa nani.

Marehemu Boniface Wakhungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Misikhu, akiwa kitinda mimba wa Mzee Sifuna, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba mwaka 1966, kisha akajifunza uchapishaji mjini Bungoma, ambako alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na, kila msimu wa kura, mabango ya wagombea.

Mwaka 1978 alimwoa Chepngeno, wakanunua shamba Saboti, wakajaliwa Jentrix na Joy. Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, vikaratasi vilitupwa langoni pao, vikimwita mzee mgeni na mkewe msaliti kwa kuolewa na mtu wa kabila jingine, nyumba ikachomwa, na Chepngeno, aliyekuwa na pumu, akafa katika kambi ya waliofukuzwa makwao tarehe 2 Februari, mumewe akimpepea kwa kipande cha katoni, tukamzika hapa Misikhu.

Mwaka 2011 aliacha kazi, na rafiki yake Osman, muuza vitambaa karibu na msikiti wa Kitale, akampa chumba nyuma ya duka, naye akakigeuza makumbusho madogo ya uongo wa siasa, yenye mabango, kofia, fulana, kanda za hotuba, na kile kikaratasi ndani ya kioo, kando ya bango la kampeni lenye maneno yale yale. Wanafunzi walipokuja aliwaambia, "Someni polepole, sisi tulidanganywa kwa haraka."

Juni 2022 mwanasiasa mwenye bango lile alikuja na wapiga picha, akasifu kila ukuta mpaka alipofika kwenye kioo.

"Mzee, hii toa," alisema. "Mambo ya zamani yanaumiza watu."

"Yalimuumiza Chepngeno," mzee akajibu. "Wewe yanakuaibisha tu."

Wiki iliyofuata vijana walivunja mlango, wakararua kuta, wakamwangusha mzee akavunjika nyonga. Aliyewatuma hatukumwona, na tusiloliona hatulisemi. Mzee alirudi na mkongojo, akayaunganisha mabango kwa gundi, akafungua tena, ingawa tangu hapo hakulala bila maumivu, hadi figo zilipomshinda akafariki Kitale tarehe 9 Mei 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Saboti waliotufichia watoto mwaka ule, wachapishaji wenzake wa Bungoma, na Osman, ambaye hakuwahi kumwambia ahame.

Na kwako mheshimiwa uliyeketi mstari wa mbele na shada lako, tumekusalimu, chakula kipo, ule ushibe, lakini kipaza sauti hutapewa, maana hotuba zako mzee alizihifadhi zote, na Jentrix atakifungua chumba Jumatatu, anayetaka kuzisikia aende huko.

Mzee Wakhungu, umechoka vya kutosha, lala sasa kando ya Chepngeno, na amani mliyonyimwa Saboti muipate hapa.