Kura Kumi za Savarimuthu Anthonydas katika Jimbo la Bukit Limau

Bwana Savarimuthu Anthonydas, ambaye tumekuja leo kumsindikiza, alizaliwa tarehe 3 Februari 1948 katika shamba la mpira la Seruni, maili tisa kutoka mjini Kuala Jering. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Anthonydas, mgema wa utomvu wa mpira, na mama Arokiamary. Jina lake refu lilitumika kanisani na kwenye vyeti tu. Kwingine kote aliitwa Savari.

Alianza masomo mwaka 1955 katika shule ya Kitamil ya shambani, akaendelea na sekondari ya mabruda mjini hadi kidato cha tano, mwaka 1965. Mwalimu wa jiografia aliwahi kumwadhibu kwa ramani ya mto Perak, akiamini kijana ameinakili kutoka kitabuni. Savari aliomba chaki, akaichora upya ubaoni, vijito vyote vikiwa mahali pake, kisha akarudi kwenye dawati lake. Baba yake alifariki mwaka huohuo, na safari ya masomo ikakomea hapo.

Mwaka 1967 aliajiriwa kuwa mchoraji ramani katika ofisi ya mpima ardhi mmoja mjini, Bwana Foo, akaitumikia ofisi hiyo kwa miaka thelathini na sita. Hakuvumilia neno “takriban”. Mpaka, kwake, ulikuwa mahali fulani au haukuwapo.

Maisha yake hayaelezeki bila jimbo la ubunge la Bukit Limau. Mwezi Mei 1969 chama alichokipenda, chama cha upinzani, kililitwaa jimbo hilo kwa tofauti ya kura 211. Savari alikuwa ametimiza umri wa kupiga kura, miaka 21, miezi mitatu tu kabla ya hapo, na jina lake lilikuwa halijaingia kwenye daftari la wapiga kura. Alishangilia barabarani pamoja na wenzake, lakini ushindi ule haukuwa na kura yake ndani. Mbunge aliyechaguliwa alihamia chama tawala kabla ya uchaguzi uliofuata. Kuanzia mwaka 1974 hadi 2013 Savari alipiga kura Bukit Limau mara kumi, na mara zote kumi mgombea wake alishindwa. Mwaka 1986 mgombea huyo aliongoza hadi zilipofika kura za posta, akaanguka kwa kura 64, hata baada ya kuhesabu upya. Mwaka 2013 alipungukiwa na kura 88. Katika kila uchaguzi Savari alikuwa wakala wa chama kwenye chumba cha kuhesabia, na hakuondoka kabla fomu ya matokeo haijatiwa saini na kila aliyepaswa kuisaini, hata kama ilikuwa fomu ya kushindwa kwake mwenyewe.

Tarehe 23 Agosti 1975 alifunga ndoa na Bi. Philomena Rani, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, Bernadette Selvi na Xavier Kumar. Waliishi katika mtaa wa Lorong Pala, nambari 17, maisha yao yote ya ndoa. Rani alikuwa akiwaambia wageni huku akiwamiminia kahawa, “Wanaume wengine wana nyumba ndogo. Wangu ana jimbo. Afadhali ningeletewa mke mwenza, angalau angenisaidia kuosha vyombo.” Alitangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Mwezi Septemba 2016 ramani mpya ya mipaka ya majimbo ilibandikwa ukutani katika ofisi ya wilaya. Savari, aliyekuwa amestaafu, alikwenda na miwani yake na rula. Mstari ulipita nyuma ya kanisa, ukakunja kona, na kuiacha Lorong Pala yote nje ya Bukit Limau. Wakazi wake sasa wangepiga kura katika jimbo la Sungai Bayas, la vijiji na mashamba, ambako chama chake hakikuwahi kufua dafu. Sheria iliwaruhusu wapiga kura wa jimbo kupinga ramani, mradi wafike mia moja. Savari alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wiki tatu, akakusanya saini mia na tatu, akaacha.

Rafiki yake wa miaka mingi na wakala mwenzake, Bwana Lim Boon Kheng, alimwonya mkahawani.

“Chukua mia mbili, Savari. Wengine wataenguliwa.”

“Sheria inasema mia.”

“Sheria haina magoti ya kupanda ngazi za maghorofa. Wewe umechoka, sema umechoka.”

“Nimekagua kadi za kitambulisho za watu wote. Mia ni mia, Lim.”

Hakuwa amekagua kadi zote. Kadi moja hakuiomba, ya bintiye Bernadette, msomi wa chuo kikuu, ambaye ndiye anayeusoma wasifu huu. Bernadette alikuwa amehamishia usajili wake wa kupiga kura mji mkuu mwaka 2012, kwenye meza ya usajili dukani, akiwa na mifuko ya manunuzi mikononi, na jambo hilo lilikuwa limemtoka akilini kabisa. Kwenye kikao cha kusikiliza pingamizi, watatu walienguliwa kwa kukosea nambari za vitambulisho. Wa nne alikuwa yeye. Saini halali zilibaki tisini na tisa, na pingamizi likatupwa kabla hoja zake hazijasikilizwa.

Ndani ya gari Bernadette alisema, “Baba, kosa ni langu.”

“Mkaguzi nilikuwa mimi,” alijibu Savari. “Washa gari.”

Lim hakukata tamaa. Nyumba yake ilibaki ndani ya Bukit Limau, akamshauri rafiki yake abadili anwani kwenye kitambulisho. “Andika unaishi kwangu. Nani atakuja kuhesabu miswaki?”

“Miaka arobaini nimewafukuza wapiga kura hewa,” Savari alisema, “leo niwe mmoja wao?”

“Basi kaa na usafi wako huko Sungai Bayas.”

Alikaa nao. Tarehe 9 Mei 2018 chama chake kiliitwaa Bukit Limau kwa tofauti ya kura 2,204, naye siku hiyo alikuwa amepiga kura yake Sungai Bayas, ambako chama kilishindwa vibaya. Lim alipompigia simu akilia kwa furaha, Savari alimuuliza kama fomu zote zimesainiwa. Kisha akazima redio. Mbunge yule naye alihama chama baada ya miaka miwili. Familia haina maneno ya kulipamba jambo hili.

Figo zake zilianza kushindwa kazi mwaka 2021, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Januari 2022 Bernadette aliacha kazi mji mkuu, akarudi Lorong Pala kumtunza, na akahamishia usajili wake huko. Amejiuliza mara nyingi kama alirudi kwa upendo au kwa kulipia kosa. Daftari jipya lilipotoka alimwonyesha baba yake majina yao mawili, moja chini ya lingine. Mzee alipitisha kidole kwenye mstari, akasoma nambari ya kitambulisho chake tarakimu kwa tarakimu, akailinganisha na kadi.

“Sasa uko sawa,” alisema. “Jimbo silo. Lakini uko sawa.”

Novemba mwaka huo walipiga kura pamoja, na mgombea wao akashindwa kwa kura elfu kumi na tisa.

Bwana Savarimuthu aliaga dunia hospitalini tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 76. Ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada yake Arulmary, na rafiki yake Lim, ambaye ameomba atajwe pamoja na ndugu.

Mwenyezi Mungu amweke Savari mahali anapostahili, na huko apumzike.