Hizo Ni Safari: Maisha ya Kaka Yetu Desimali

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa kumfuatia nawasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Desimali, kwa sababu hakukubali kukadiria hata uzito wa nyanya.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, katika nyumba za reli nyuma ya karakana, mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa, akasoma shule ya msingi ya mtaa huo, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1990 akahitimu chuo kikuu, akaajiriwa katika ofisi ya takwimu, kitengo cha uhamiaji, alikofanya kazi mpaka walipomwondoa.

Tarehe 12 Juni 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, wakajaliwa mabinti wawili, hawa mnaowaona hapa mbele. Kila Jumamosi shemeji alivuka kwenda kumuuguza mama yake, akarudi jioni, na kwa kuwa mashine ya mpakani humhesabu kila anayeingia bila kujua ameshaingia mara ngapi, kaka alikuwa akitutania kwamba kwa mwaka ameoa wake hamsini na wawili, na wote wanamfokea avue viatu mlangoni. Tulicheka sana.

Tarehe 14 Agosti 2018 wakubwa wa ofisi yake walizichukua hesabu hizo hizo za mashine, wakawatangazia waandishi wa habari kwamba wageni laki tisa wameingia nchini. Kaka, aliyeketishwa pale kupamba meza tu, alivuta kipaza sauti akasema, "Hizo ni safari, si watu." Hakuna redio iliyorudia maneno yake. Kesho yake kibarua kikaota nyasi, na Jumamosi iliyofuata vibali vya watu wa ng'ambo vikafutwa, shemeji akiwa kwa mama yake.

Kaka alizunguka ofisi hadi ofisi akiomba mkewe arudishwe, akapigwa danadana, presha ikampanda, tarehe 2 Februari 2019 akapooza upande mmoja, na tarehe 17 Mei alfajiri akatutoka, huku akimwita mkewe. Jamani, inauma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na wafanyakazi wenzake, mliokuja na mlioogopa kuja. Shemeji yuko getini mpakani tangu jana, amenyimwa hata ruhusa ya kuja kuzika, na ananisikia kwa simu hii niliyoishika. Shemeji, tumengoja, tumesogeza saa ya mazishi mara mbili, jua linazama na makaburini wanafunga, utusamehe, hatuwezi tena. Naiweka simu juu ya jeneza, sema naye.

Kaka, pumzika kwa amani, mkeo huyo.