Ndege Iliyoundiwa Kamati

Ndugu zangu, kabla sijaanza, wale ambao bado wana ile fulana yenye uso wangu wainue mikono. Msione haya. Najua wengine mliifanya tambara la kudekia, na mmoja wenu, simtaji, aliikata mikono akawa analala nayo. Haidhuru. Leo sikuja kudai fulana. Nimekuja kuwaeleza jinsi nilivyoanguka bila ndege kuanguka, na jinsi nilivyoinuka.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni mshonaji. Kibanda changu kiko hapa mtaani Mbotela, nashona sare za shule na mapazia, na nilizaliwa katika nyumba hizi hizi za kanjo, za baraza la jiji. Kwetu ni Makindu. Nikiwa mtoto nilimwuliza mama kwa nini zile ndege zinazopita juu ya Embakasi hazituteremshi nyumbani badala ya sisi kula vumbi ndani ya basi njia nzima. Mama akajibu, "Siku utakayoiendesha wewe, itatuteremsha." Alitaka tu ninyamaze. Mimi nikaishika kama ahadi.

Watoto wangu walipomaliza shule, nikaanza kwenda uwanja wa ndege wa Wilson kujifunza kurusha ndege. Nilijilipia saa moja moja. Mwezi huu naruka, miezi inayofuata nashona tu. Wanafunzi wenzangu walikuwa rika la wanangu, na siku ya kwanza mmoja aliniagiza chai. Nilimletea. Kisha nikakaa kwenye kiti kilichokuwa kando yake, nikafungua kitabu changu. Ilichukua miaka, lakini leseni nikaipata, ile ya kuruka kwa raha zako, si ya kubeba abiria wa kulipa. Nililia chooni siku ile.

Kilichobaki kilikuwa safari moja. Niondoke Wilson peke yangu na ndege ya viti viwili, nifuate reli mpaka nyumbani Makindu, alikorudi mama kuishi, nishuke kwenye kiwanja cha murram, ule udongo mwekundu, mama akiniona. Hilo la kuniona ndilo lililokuwa na haraka. Mama alikuwa na presha ya macho, na daktari alimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, walinde kilichobaki. Akanipigia simu. "Mimi bado naona kidogo," akasema. "Kuja kabla hako kadogo hakajaisha."

Basi nikafanya kosa. Nikasimama hapa hapa kanisani, Jumapili, nikawaambia.

Mnakumbuka mlivyofanya? Mliunda kamati! Mwenyekiti, katibu, kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya usafiri. Sisi watu wa hapa mtu akinunua kochi tu tunaitisha mkutano. Fulana zikachapishwa. Kwaya ikakodi basi ikatangulia Makindu siku moja kabla, na hema, na spika, na mbuzi. Na msidhani nawalaumu. Ningeweza kuwakataza, lakini niliuona uso wangu kwenye vifua vya watu nikapendeza machoni pangu mwenyewe. Nilitembea Jogoo Road siku hizo kama bibi harusi.

Sasa, ndege haina kamati. Rubani huangalia anga, akasema leo naenda au leo siendi, na akisema siendi hakuna wa kumwuliza. Lakini asubuhi ile ilikuwa Julai, mnaijua Julai yetu, mawingu yamekaa chini kama kifuniko cha sufuria. Mimi nilipaswa kujiuliza kama njia inafaa. Nilichojiuliza ni kama mbuzi ameshaiva.

Wingu likapanda kidogo, nikaruka. Athi River nilipita vizuri. Nilipokaribia Konza mambo yakabadilika. Kila nilivyosonga mbele mawingu yalinisukuma chini, nikashuka, nikashuka tena, mpaka nikaona malori kwenye barabara ya Mombasa yamewasha taa mchana. Hapo ndipo mtu mwenye akili angegeuka. Lakini simu, ambayo nilisahau kuizima, ilitetemeka pajani. Nikaitupia jicho. Ilikuwa kamati. "Umefika wapi? Mshereheshaji amemaliza vichekesho." Nikaenda mbele.

Wingu likanimeza.

Ndugu zangu, nawaambia, ndani ya wingu hakuna juu wala chini. Mwili wangu wote uliniambia ndege imenyooka, na kipimo mbele yangu kilionyesha imelala upande. Nilijua kuna vilima karibu, sikujua viko wapi. Mwalimu wangu alinifundisha jambo moja kwa siku kama ile: amini kipimo, usiamini tumbo, geuka taratibu urudi ulikotoka. Nikainyoosha, nikaanza kugeuka. Nilikuwa nikisema kwa sauti, "Nisamehe mama, nisamehe mama," huku mkono ukigeuza polepole jinsi ulivyofundishwa. Kisha kukawa na mwanga, na reli hiyo chini yangu. Nikarudi Wilson nikashuka salama.

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Kule Makindu mama alikuwa amekalishwa kiti cha mbele, shingo juu tangu asubuhi. Watu wakala mbuzi, wakamwambia pole, wakapanda basi. Huku mtaani nikapewa jina. Mama Geuza. Watoto wakinipita kibandani, "Geuza! Geuza!" Siku moja napita pale wanapoosha magari, kijana akaniita, "Niaje mathe, leo umegeuzia wapi?" Nikamtazama, na kumbe anapangusa kioo cha gari kwa fulana yangu. Uso wangu unakwenda huku na huku kwenye kioo, unatoa povu. Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani sikula.

Lakini kicheko hakikuniangusha, msijipe sifa hiyo. Kilichoniangusha ni hofu. Ule mkono uliogeuza ndege ukaanza kunitetemekea. Nikisikia ndege juu, sindano inaniruka mshono. Nilikwenda Wilson mara moja, nikakaa kwenye ndege, nikashika ufunguo, nikashindwa kuuzungusha. Nikawaambia watu nimeacha kwa sababu ya mgongo. Mama akipiga simu, nilimwambia ndege iko kwa fundi. Akauliza tena mwezi mwingine, bado iko kwa fundi. Mara ya mwisho hakuuliza. Alisema tu, "Leo nimeshindwa kuokota mawe kwenye maharagwe." Nikajua hako kadogo kanaisha, na mimi nimekaa kitako nashona kola. Hata kanisani nikaacha kuja, maana kila mliponisalimia nilisikia pole ndani yake.

Siku moja mwalimu wangu akaja kibandani. Mzee wa maneno machache, hajawahi kufika Mbotela maishani mwake, viatu vimejaa matope. Kwapani ana kitambaa, kile kisichoshika moto. Hakunisalimia hata vizuri. "Kiti cha ile ndege kimepasuka," akasema. "Najua wewe unashona."

Nikamwambia apeleke kwa mafundi wa viti.

"Wao hawajui mahali rubani anapobanwa," akasema. "Wewe unajua."

Kazi ni kazi, sikuweza kukataa. Nikaenda na futi yangu shingoni, si kama rubani, kama fundi. Nikaingia, nikapima, nikatoka. Nikashona. Nikarudi kukivalisha kiti, nikavuta huku, nikabana kule, na kazi ikininyookea huwa nasahau kila kitu, mnanijua. Mwalimu akasema, "Kalia basi, tuone kama hakijakunjamana." Nikakalia. Nikaegemea. Kilikuwa kimekaa sawa kabisa. Nilikuwa nimetulia hapo kwa muda kabla sijagundua kwamba mikono yangu iko kwenye usukani na haitetemeki.

Mwalimu alikuwa amesimama nje, ameshika ubawa. Akaniuliza wananiitaje huko mtaani kwetu. Nikamwambia. Hakucheka.

"Nimefundisha watu wengi," akasema. "Kuna niliowazika. Hao hakuna aliyewacheka, waliimbiwa na kwaya. Wewe umechekwa ukiwa hai, na bado unasikitika?"

Ndugu zangu, nililia pale, juu ya mshono wangu mwenyewe. Kwa muda wote ule nilikuwa naona haya kwa kitendo pekee nilichofanya sawasawa siku ile. Kwenda ndiko kulikuwa kosa. Kugeuka ndiko kulikoniacha na mikono ya kushonea. Nikafuta uso na futi nikamwambia, "Mwalimu, washa."

"Washa mwenyewe," akasema, akapanda upande wa pili.

Nilianza upya kama mtoto. Kuruka na kushuka, kuruka na kushuka, mwalimu kando yangu, halafu bila yeye. Kuna siku hofu ilirudi nikashuka mapema. Kesho yake nilikwenda tena. Hasira niliyokuwa nayo kwa ile hofu, mngeiona mngenikimbia.

Safari ya pili sikumwambia mtu. Mniwie radhi. Alijua mwalimu, na alijua kaka yangu kule nyumbani, kwa sababu lazima mtu afukuze mbuzi kiwanjani. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia na anga imeoshwa. Simu niliizima nikaifungia kwenye mkoba. Nilipofika Konza niliiahidi ndege kwa sauti, nikiona wingu lolote nageuka, na tena nageuka nikiimba. Halikuwepo. Vilima nilivyoviogopa vilikaa pale kijani, vimetulia, vidogo kuliko nilivyovibeba moyoni. Sultan Hamud, Emali, reli inanivuta kwa mkono. Kisha kiwanja chetu chekundu, na kaka yangu anakimbiza mbuzi huku kofia imemwanguka. Nikashuka.

Nilizima injini nikasubiri propela isimame kabisa. Mama alikuwa kwenye stuli kando ya mti wa miiba. Nitawaambia ukweli, hakuniona. Macho yalikuwa yamebaki na mwanga na kivuli tu. Nilichelewa, na hilo litaniuma mpaka nife, sitaki mniambie halijalishi. Alisema aliona kivuli kikipita juu yake, akajua ni mimi, kwa sababu kaka yangu alikuwa anawatukana mbuzi.

Nikamshika mkono nikampeleka. Akaipapasa ndege yote, ubawa, gurudumu, mlango, jinsi anavyopapasa gunia sokoni kabla hajanunua. Mwisho akasema, "Ni kadogo hivi? Na ndiyo kamenisumbua miaka yote hii?" Kisha akaingiza mkono ndani akagusa kiti. "Hii kazi ni yako," akasema. "Huo ni mshono wako." Basi nikajua ameniona.

Na alikuwa amevaa ile fulana. Imefuliwa mpaka imepauka, na ameivaa nyuma mbele, uso wangu uko mgongoni. Kaka akataka kumgeuzia. Mama akampiga kofi mkononi. "Wacha," akasema. "Mwenyewe amekuja mbele yangu. Wa picha akae nyuma."

Nawashukuru. Namshukuru mwalimu, ambaye hapendi kutajwa. Namshukuru kaka na mbuzi wake. Nakushukuru wewe mama uliyekaa karibu na dirisha, uliyekuwa ukiniletea sare za kushona nilipoacha kuja hapa, na hukuniuliza neno. Na kamati, nawashukuru kwa dhati, mlinipenda kwa kelele kama tunavyopendana sisi. Ninachoweza kuwaachia ni hiki. Ukiwa umeshaingia kwenye wingu, hata kama hema limesimamishwa na watu wamevaa uso wako, geuka. Watakula, watacheka, watarudi nyumbani. Wewe ukiwa mzima, njia bado iko pale pale.

Mwakani nataka kwenda Voi. Siku siwaambii. Mkinikosa kibandani, msiunde chochote. Na tafadhali, katibu, usinipigie simu.