Mikanda ya Kupitia Getini

Benchi lenyewe ni ubao uliong'olewa kwenye trela bovu, ukalazwa juu ya matofali kwenye kona, pua na mdomo na geti la yadi ya malori. Hapo Shangazi huuza kahawa, na hapo wasio na haraka hujua kila kitu. Asubuhi hiyo walikuwa wanajua kwa nini mabomba ya chuma yaliporomoka njiani kutoka lori la Mpole yakamuua mwendesha baiskeli wa watu. Mpole, dereva, mwenzao wa benchi hilihili, yuko rumande, na polisi wanasema hakukaza mzigo. Mzee Gia, dereva mstaafu, alishika kikombe chake akiwasikiliza.

— Mkanda wa mzigo unakazwa mpaka ulie, alisema Kipimo, fundi wa matairi. Unaupiga kidole. Ukilia, safari njema. Ukikaa kimya, rudi ukaze. Wa Mpole haukulia.

— Ulikuwepo ukausikia? aliuliza Waziri, mshona viatu, ambaye hakuna jambo la nchi lisilomhusu.

— Nina haja gani ya kuwepo? Wahenga walishasema, mchumia juani hulia kivulini.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia. Mkanda unalia kivulini. Juani unalegea.

Waziri alicheka kwa dharau, sindano bado mdomoni.

— Huyu ndiye fundi wenu. Bwana, Mpole alikaza mno. Mzigo ukiubana sana unakuwa mkaidi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mabomba yale yalibanwa tangu kiwandani, yakakosa pumzi, yalipofika kwenye mteremko yakasema basi, imetosha.

— Chuma kinapumua?

— Weka sikio siku moja, usikie.

— Acha zako. Basi nikwambie siri ya mabomba. Yalipakiwa yakitazama nyuma. Bomba likitazama lilikotoka, linataka kurudi kwao. Hata ungelifunga kwa minyororo ya meli.

— Na lile la katikati, alidakia Shangazi akimimina kahawa, wanasema liliagizwa na nyumba yenye ugomvi wa urithi. Kitu cha ugomvi hakifungiki.

Wakatikisa vichwa wote watatu, wameridhika, kana kwamba kesi imekwisha na Mpole amerudi nyumbani kuoga.

Mzee Gia aliwatazama kwa uchungu. Porojo gani hizi? Kila mmoja hapo alijua. Lori hutoka getini likiwa na mikanda sita, kwa sababu mlinzi wa geti hakubali pungufu. Likishapinda kona husimama mbele ya benchi, mitatu ikafunguliwa, ikarudishwa ndani kufungia lori linalofuata, maana yadi nzima haina mikanda ya kutosha na msimamizi hataki kusikia habari ya kununua mingine. Miaka nenda miaka rudi ndivyo wanavyofanya. Siku ile Mpole aligoma. Alibishana na msimamizi palepale, watu wa benchi wana vikombe mikononi, mpaka akaambiwa aache funguo kama kazi imemchosha. Akapanda, akaenda. Sasa kaza mitatu mpaka ipige kinanda, itazuia nini? Gia aliwachukia wenzake, na nafsi yake aliichukia zaidi, kwa sababu mpakizi anayefungua mikanda hiyo ni mwanawe wa kumzaa, na ana mke na watoto wawili.

— Hodi hapa.

Alikuwa mke wa Mpole. Mkononi ana kopo la chakula alichokataliwa kukiingiza rumande.

— Karibu shemeji, alisema Waziri akisogea. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwanamke hakuketi.

— Shikamoo, Mzee Gia.

— Marahaba, mwanangu.

— Kesi ni kesho. Mume wangu anasema alifunguliwa mikanda hapa, mbele yenu. Msimamizi amekana, anasema huyo anatafuta pa kutokea. Sikuja kuwalaumu. Nina swali moja tu. Lori lilipoondoka hapa, lilikuwa na mikanda mingapi?

Kipimo alikumbuka kuna tairi la mtu linamsubiri, ila hakuinuka. Shangazi akaanza kusuuza vikombe alivyokwisha kusuuza.

— Unajua shemeji, alisema Waziri, tatizo la mikanda si idadi. Ni ukazaji.

— Sikuuliza ukazaji, kaka yangu.

— Ndiyo, lakini…

— Mzee Gia, alisema mwanamke. Wewe ndiye uliyemfundisha kushika usukani. Anakuita baba.

Gia alifungua mdomo. Jibu lilikuwa palepale ulimini, neno dogo, hata mtoto wa chekechea analo. Aliona aibu, akaona na hofu, na hofu ikawa kubwa kidogo.

Geti likafunguliwa. Trela lililosheheni nondo likatoka polepole, likapinda kona, likasimama mbele ya benchi kama kawaida. Mwanawe Gia alikuwa ameshapanda juu ya mzigo. Akafyatua mkanda wa kwanza bila hata kutazama nani yuko chini.

— Baba, shika.

Mkanda ukaja hewani. Mikono ya Mzee Gia ikainuka yenyewe, ikaudaka, ikaanza kuukunja vizuri, pindo juu ya pindo, kama inavyofanya kila asubuhi.

Mke wa Mpole aliutazama ule mkanda, kisha akamtazama mzee usoni.

— Huo mmoja, alisema, na akabaki amesimama, akisubiri wa pili.