Siafu, Aliyekufa Nje ya Lango

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wengine mliokuja kwa sababu leo kuja hakuna hatari, poleni kwa msiba. Mimi ni mdogo wake marehemu, mwokaji mikate. Familia imeniomba nisome maisha yake kwa kifupi, na dada yetu mkubwa amenionya nisitukane mtu. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe tisa mwezi wa tatu, mwaka wa kiangazi kirefu, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yetu, mhunzi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Alizaliwa mdogo mno, hata mkunga akamshauri mama asimzoee. Mama akamjibu, "Atakula, atakua, na utakutana naye sokoni akikutukana." Jina la Siafu alipewa na baba, siku alipomng'ata mjomba aliyetaka kumbusu, akang'ang'ania mpaka akamwagiwa maji.

Alisoma katika shule ya mji, ile iliyo karibu na kisima, akafika darasa la saba. Mwalimu wake yupo hapa leo. Aliwahi kumwita mama akamwambia kwamba binti huyu akili anazo, ila zote amezihifadhi kwenye ngumi. Mama alirudi nyumbani akicheka njia nzima, kisha akamchapa.

Baada ya baba kufariki, aliingia kikosi cha walinzi wa ukuta. Siku ya kwanza jemadari alimpa mkuki uliomzidi urefu, wenzake wakacheka. Hawakucheka muda mrefu. Katika mvua za mwaka wake wa tatu kazini, mazimwi yaliposhuka milimani, moja lilipanda ukuta juu ya mtaa wa wafumaji. Marehemu alilichoma koo peke yake, likamwangukia. Damu yake ikammwagikia kuanzia shingoni hadi kiwikoni.

Damu ya zimwi huacha doa la kijani kama kutu ya shaba, na doa hilo halitoki hata ulisugue kwa mchanga. Baraza la mji lilikuwa limeshaamua kwamba mwenye doa ananuka, na harufu yake huyavuta mazimwi. Nani alithibitisha? Hakuna. Jioni ile ile akatolewa nje ya lango na blanketi moja. Mama alimshika mlinzi wa lango mkono, kijana aliyekula kwetu tangu hajaota meno, akamuuliza, "Mtu amewaokoa, mnamfukuza?"

"Mimi natumwa tu, mama," akasema, akafunga.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Dada yetu aliliwa na watu waliomjua, na hawakubakiza kitu.

Huku nje aliwakuta wengine wenye madoa, wamejibanza katika tanuri hili la matofali lililoachwa, hili mnaloliona nyuma yangu. Walilala kwa zamu. Walikula mizizi, panya, na mikate niliyowarushia kutoka juu ya ukuta. Masizi yaliwakaa mapafuni, wakawa wanakohoa kama wazee. Mazimwi yakishuka, yaliwakuta wao kwanza, nao wakapigana kwa mikuki ya mbao na visu vya jikoni, wakazika wenzao, wakanoa tena. Asubuhi, ndani ya ukuta, watu walinyoosha migongo wakaambiana, "Msimu huu umekuwa mwepesi." Nilikuwa nawauzia mikate huku nikiwasikia.

Hapa ndipo alipoolewa. Mumewe ni mshona viatu, naye alifukuzwa kwa doa la shavuni. Alimposa kwa jozi ya viatu vya ngozi ya zimwi, na marehemu akamwambia, "Kimoja kinabana." Akavirekebisha mara tatu ndipo akakubaliwa. Mjini hakupatikana mtu wa kuwafungisha ndoa, wote waliogopa harufu. Alitoka yule mkunga, kizee na mkongojo wake, akasimama mbele yao akauliza, "Mmependana?" Wakasema ndiyo. "Basi mmeoana. Nipeni maji ninywe, nirudi."

Walijaliwa binti mmoja, ngozi safi kama yai. Marehemu alimbeba hadi langoni, akaomba mtoto tu aingie, alelewe na bibi yake.

"Mtoto hana doa," alisema.

"Mama yake analo," wakamjibu kutoka juu.

Binti huyo amekaa hapo mbele. Mtazameni vizuri. Amekulia tanurini.

Sasa nifike kwenye kifo, na dada mkubwa anisamehe. Ukuta wa kaskazini ulikuwa na ufa. Kila kikao cha baraza kilifunguliwa kwa methali ile ile, usipoziba ufa utajenga ukuta, watu wakatikisa vichwa kwa hekima, na ufa ukabaki pale pale. Tarehe kumi na nane mwezi huu, mvua iliuangusha. Mazimwi yakaingia mjini mchana kweupe. Tanurini walisikia mayowe. Mumewe akamwambia, "Waache. Waonje na wao."

Marehemu alikuwa ameshainama anafunga viatu. "Mama yangu yumo mle."

"Na hao wengine?"

"Hao wataokoka kwa bahati mbaya."

Walikwenda wote. Walisimama kwenye pengo la ukuta bega kwa bega na walinzi wale wale waliozoea kuwapiga mawe, na jemadari naye, nisiseme uongo, hakukimbia. Damu ya mazimwi iliwarukia wote bila kuchagua. Jioni mazimwi yalipogeuka, marehemu alikuwa amechanwa tumbo kwa ukucha. Nilikimbia kwa tabibu. Nilimkuta akimfunga jemadari kidole. Akaniambia bila kuinua uso, "Sheria unaijua. Niletee asiye na doa, nitamtibu." Niliporudi, walinzi walikuwa wameshawatoa nje watu wote wa tanuri, yeye akiwa amebebwa juu ya mlango uliovunjika, na lango limefungwa.

Mama alitoka siku ile akakataa kurudi. Jeraha lilioza, homa ikapanda. Tarehe ishirini na mbili, asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama, alisema, "Msinirudishe mle." Akakata roho.

Tarehe ishirini na tatu baraza lilikaa. Mwenyekiti alikuwa na doa shingoni. Jemadari alikuwa nalo mkono mzima. Nusu ya walinzi, na tabibu mwenyewe kwenye vidole kwa kufunga vidonda vyao. Wakagundua kwamba doa halina harufu. Sheria iliyomweka dada yetu nje miaka kumi na saba ilifutwa kabla ya chakula cha mchana, siku moja baada ya yeye kufa.

Kisha wakaja na sanda nzuri na ngoma, wakitaka azikwe penye lango kuu, na lango lipewe jina lake. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawaambia, "Akiwa mzima mlimtupa. Leo mnamtaka kwa sababu maiti haibishi hodi."

Kwa hiyo tunamzika hapa. Kama tope limewaharibia viatu, poleni.

Marehemu ameacha mama, mume, binti mmoja, dada, kaka mmoja ambaye ni mimi, na ndugu tisa wa tanuri, ambao kwa amri ya mama wameandikwa kama watoto wa nyumba yetu. Mwenyekiti wa baraza aliomba nafasi ya kusema neno. Hatukumpa. Udongo utaanza kumwagwa na hao tisa. Wenye madoa mapya mtasubiri.

Mola ampe dada yetu mapumziko mema. Sisi aliotuacha bado tuna hasira, na hatuombi radhi.