Saini Nne kwa Mwaka

Nani kati yenu anaweza kuniambia kwa nini fundi mwashi, jirani yetu, hajatusalimia mwaka wa tisa huu? Nyamaza, kitinda mimba, nakujua, utasema ni ule ukuta. Sikilizeni wanangu, na wewe binti yangu mkubwa weka simu chini, hakuna atakayekupigia leo mwenye haraka kuliko mimi. Niinueni kidogo. Hapo.

Nyumba ni yenu wote wawili, asiuze mmoja bila mwenzake. Chumba cha mbele akae huyu kijana, kitinda mimba, mpaka apate kazi, maana ana digrii mbili na hana hata kitasa cha ofisi cha kufungua asubuhi. Usinune, sikulaumu. Waliokwambia usome kompyuta ndio hao hao waliokwambia hakuna nafasi, na mitambo yao ikizima wanasimama kuitazama kama ng'ombe aliyelala barabarani. Cherehani ya mama yenu achukue mkubwa. Mali imeisha hapo. Kilichobaki ni kizito.

Mnajua nilikuwa mkuu wa chumba cha simu za magari ya wagonjwa. Zamani tulikuwa na ramani ya mji ukutani, kubwa kama shuka, na pembeni yake ubao wa misumari, kila gari na kibati chake; gari likitoka unahamisha kibati, na hata mfagiaji akipita anajua gari gani lipo. Ikaja kompyuta, na sitasema uongo, ilikuwa nzuri, ilituma gari kabla mtu hajamaliza kulia. Wakurugenzi wakang'oa ramani na ubao, wakatundika skrini. Wakaagiza kila miezi mitatu tuzime mtambo kwa saa moja, tufanye kazi kwa kalamu na redio za mkononi, ili siku ukizima wenyewe tusihangaike, kisha mkuu ajaze fomu kwamba zoezi limefanyika. Mara ya kwanza mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi, mkurugenzi akapiga simu: "Mzee wangu, leo nina wageni, usiniaibishe. Wewe jaza tu, hiyo ni formality." Nikajaza. Mara ya pili hakuwa na haja ya kupiga. Miaka mitatu, saini nne kwa mwaka, tunapiga picha tumeshika kalamu, tunakunywa chai, tunarudi kwenye skrini. Na maelekezo ya siku ya hitilafu, pamoja na namba za madereva, tulihifadhi wapi? Ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Cheka, kitinda mimba, cheka tu. Najua mna jina lake la Kiingereza, single point of failure, kitu kimoja kikifa vyote vimekufa, ulinieleza ukiringa. Jina lake la Kiswahili ni baba yako.

Asubuhi moja skrini zote zikawa nyeusi. Umeme upo, simu zinaita, mtambo umekufa. Yule mpokea simu tuliyemwita Kengele, kwa sauti yake, akapokea simu ya jirani yetu, fundi mwashi: mke wake ameanguka, anakoroma. Kengele nyumba aliijua, alikuwa anakuja hapa kwetu. Akanigeukia, "Mzee, gari gani halina kazi?" Mimi, mkuu, sikujua. Nikafungua kabati la redio. Betri zote zilikuwa zimekufa, betri ambazo mara kumi na mbili nimeandika kwa mkono wangu kwamba ni nzima. Dakika arobaini tulizunguka mle ndani kama kuku. Na gari, wanangu, gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya jengo letu, nyuma ya ukuta niliouegemea, dereva anasoma gazeti, anangoja skrini yake imwambie nenda.

Maji... Yatosha.

Fundi alimpakia mkewe kwenye toroli la mchanga, akalisukuma mpaka barabara kuu. Mke alikata roho pale pale, miguu inaning'inia nje.

Kamati ikaja, ikataka fomu. Nikawapa zote kumi na mbili, safi, hata doa la chai hazina. Wakasema kama mazoezi yalifanyika, basi mwenye kosa ni aliyepokea simu. Kengele alinitazama, akangoja niseme. Nami nikanyamaza, akafukuzwa, mimi nikaagwa kwa hotuba. Fundi akajenga ukuta asituone, mkamwita mchoyo wa ardhi, na mimi nikawaacha mumtukane.

Mkubwa, kiti changu sasa unakikalia wewe. Jana nimeiona fomu kwenye mkoba wako. Ukasema, "Baba, nisiposaini wananitoa, na hapa tunakula kwa mshahara wangu." Leo nakujibu. Usisaini. Wakikutoa, toka, na mtabanana, na mtalala mmeshiba maji, najua ninachokuomba. Lakini usije ukalala hapa nilipolala ukiwa na haya ninayoyasema.

Kitinda mimba, unaandika? Nakala moja mpelekee fundi, mpe mkononi, na akikutukana pokea. Nyingine mtafute Kengele popote alipo, umpe. Ya tatu kwa wakurugenzi. Msimruhusu mkurugenzi yeyote asome wasifu wangu kaburini.

Sogeeni... mikono yenu. Mungu awape macho ya kutazamana na jirani bila kuinamisha. Awape... riziki isiyo na uongo ndani. Awalinde.

Andika, usiache. Nyinyi wakurugenzi. Rudisheni ramani ukutani. Chajini redio. Halafu msimtumie binti yangu fomu... njooni wenyewe, siku ya kazi, simu zikiita, mzime mtambo kwa mikono yenu, mkae kwenye vile viti saa nzima, na atakayepiga... mmwambie nyinyi, kwa midomo yenu, gari liko wapi.