Daktari Anayebakiza

Benchi lilikuwa limeegemea ukuta wa duka la nyama, na kahawa imebaki nusu birika. Fundi Viatu aliinamia kazi yake, fomu ya hospitali imekunjwa mfukoni mwa shati. Mdogo wake wa kike alikuwa amelazwa siku ya nne, kichwa kinamgonga na anatapika. Picha zilionyesha donge la mafuta ndani ya ubongo. Si saratani, daktari alisema, na wengi huzeeka nalo bila kujua. Ila hili limeziba njia ya maji ya ubongo, lazima lipunguzwe. Lipunguzwe tu, lisitolewe lote. Fundi alitakiwa asaini kabla ya saa kumi, naye maisha yake yote hakuwahi kukubali kazi nusu.

— Mafuta nayajua mimi, alisema Kisu, mwenye duka. — Unayabandua kama ganda la yai. Anayebakiza ana lake.

Mzee Redio, aliyewahi kutengeneza redio, akasema daktari anabakiza ili mgonjwa arudi. Hata yeye alikuwa akiacha waya mmoja mbovu ili mteja arudi, Mungu amsamehe. Kisu akashuku hata picha si za mgonjwa. Binti mwembamba vile, mafuta ya kichwani kayatoa wapi?

— Kazaliwa nalo, Fundi alijibu. — Ndivyo nilivyoambiwa.

— Na nani? Si huyohuyo daktari? Redio alicheka. — Shahidi wako ndiye mshtakiwa.

Kufikia kikombe cha tatu, kwa maneno yao daktari alikuwa ameshapewa wanafunzi wanaojifunzia kwenye vichwa vya watu na mnunuzi wa mafuta ng'ambo. Fundi alikuwa amefura kwa hasira. Asiyesema wazi, aliapa, hapati sahihi yake.

Hapo akaja mwalimu mmoja kuchukua kiatu chake. Fundi akakigeuza soli juu.

— Mama, sikufichi. Gundi ya zamani nimeibakiza hapa. Nikiikwangua yote, ngozi itatoka nayo.

— Sawa, fundi. Mwalimu alikuwa ameyasikia yote tangu akiwa kwenye foleni ya nyama. — Na huyo daktari, mlimuuliza kwa nini anabakiza?

Kisu alichungulia kikombe chake. Redio akatikisa birika, tupu. Fundi alibaki amekishika kiatu, kidole juu ya ile gundi, mpaka mwalimu akakivuta mwenyewe.

Fundi akavua aproni.

— Naenda kumuuliza, alisema kwa ukali, kama aliyetukanwa. Akapiga hatua tano, akarudi.

— Nani ana kalamu?